Jembe la Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla ya kutoa baiskeli yake uani, Masalu alisimama nje ya pazia la chumba cha nyuma, akakohoa, halafu akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu."

Kutoka ndani, sauti ya mama mkwe wake ilimjibu polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. "Mwangaluka, baba. Umeamka salama?"

"Salama, mayu. Na wewe?"

"Namshukuru Mungu."

Basi, yakaishia hapo. Masalu alishika baiskeli yake akaenda soko la Mkuyuni, ambako alikuwa akitengeneza baiskeli za watu tangu kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini. Yeye na mama mkwe wake walikuwa wakiishi chini ya bati moja tangu mvua za mwaka uliopita, wakitenganishwa na kitenge kilichopauka, na hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso ndani ya nyumba ile.

Odeta, mke wa Masalu, alizisikia salamu hizo akiwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, mikono ikiwa kwenye beseni. Mwanzoni zilimfurahisha. Aliona jinsi mumewe alivyomheshimu mama yake. Siku hizi alisikia ndani ya salamu hizo jambo moja tu: kuna mtu anaondoka, na kuna mtu anabaki.

Mama yake aliitwa Kashindye. Kwao Magu watu walimwita Mama Shimba, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kiharusi kilimkuta jarubani, akipalilia mpunga, kikamwangusha kwenye tope. Upande wa kulia ukalala. Maneno yalirudi baadaye, lakini mkono na mguu havikurudi. Kwanza alikaa kwa Shimba. Mke wa Shimba alikuwa ananyonyesha mapacha na shamba la pamba lilikuwa linamsubiri, na mgonjwa akalala upande mmoja hadi mgongo ukatoka vidonda. Ndipo Odeta alipokwenda kumchukua. Vidonda vile alivitibu mwenyewe, kila siku, kwa maji ya chumvi na kwa kumgeuza, na vilipopona alimshukuru Mungu kwa machozi.

Masalu hakuweza kumsaidia. Kwa mila waliyolelewa nayo yeye na Kashindye, mwanaume haingii chumba anacholala mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, hamgusi wala hamtazami. Mjini wengi walishaiacha mila hiyo na wengine waliicheka. Kashindye hakuiacha. Masalu naye alirudi jioni, akakohoa langoni ili mama mkwe afunikwe, akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya nyumba mpaka chakula kiive. Mtoto wao pekee, Revocatus, alikuwa seminari, anarudi likizo tu.

Zakia, jirani yao wa ukuta mmoja, aliyeuza nguo za mitumba sokoni, hakuacha kumchokoza.

"Shemeji Masalu, hivi huyo mama wa watu anauma?"

"Hapana, shemeji."

"Basi mbona unamkimbia kama mbwa mwenye kichaa? Mkeo anabeba mtu mzima peke yake. Angekuwa baiskeli ungeshamwinua."

Masalu alitabasamu akaangalia chini. Odeta alicheka pamoja na Zakia, kwa sababu kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kueleza.

Uchovu wa shamba Odeta aliujua tangu utoto. Huo hukaa mikononi na kiunoni, unalala nao, asubuhi umeondoka. Huu wa sasa ulikaa mahali asipoweza kupaonyesha kwa kidole. Alisahau majina ya watu. Alichemsha maji akasahau aliyachemshia nini. Biashara yake ya kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kwenye viwanda vya minofu, ilikufa taratibu, maana mafuta yakipata moto ndipo mama anapoita. Rozari aliianza kila jioni, na kila jioni ilimponyoka kwenye fungu la pili. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali nyumbani. Waliimba vizuri, wakamwombea mgonjwa, wakanywa chai. Odeta aliwashukuru kwa moyo wote, kisha akaosha vikombe vyao. Hakuna aliyemwombea yeye, na hakujua kama inaruhusiwa kuomba uombewe wakati si wewe unayeumwa.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hilo hakumwambia hata padri. Alimkumbuka sana mama yake. Alimgeuza, alimwosha, alimpaka mafuta miguuni, na huku anamkumbuka, kama unavyomkumbuka mtu aliyesafiri mbali asiyetuma salamu. Alimkumbuka yule aliyetangulia juu ya tuta la jaruba, ndoo kichwani, miguu haitelezi, anaimba, yule aliyegeuka bila kushika ndoo na kusema, "Nifuate, Odeta, au miguu yako ni ya mjini?" Wakati huo hapakuwa na mtu wa mjini katika ukoo wao wote.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa, kama yalivyo mengi Mwanza, na juu yake Odeta alianika nguo za mgonjwa. Kutoka pale aliliona ziwa, na feri ya Kamanga ikivuka. Alisimama na nguo mbichi mkononi akaitazama mpaka inakuwa ndogo. Hakuwa na ndugu Kamanga. Hakuwa na shughuli yoyote huko. Alitamani tu kukaa mahali ambapo maji yanakubeba na hakuna anayekuita.

*

Siku moja mchana, kengele ya kanisani ikilia, Odeta alikuwa akimlisha mama yake uji. Alisali Malaika wa Bwana kimoyomoyo, kijiko kikienda na kurudi. Hakukumbuka alipofikia.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama dirishani. Bakuli lilikuwa limeinama mkononi mwake na uji ulikuwa umemwagikia kifuani pa mama yake, umepoa, umeanza kuganda shingoni. Kashindye alikuwa macho, anamtazama.

"Mayu! Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuacha ulale."

"Na uji huu? Baridi hii?"

"Uji hauumi," Kashindye alisema. Mdomo wake uliokwenda upande ulijaribu kucheka. "Ulikuwa unakoroma kama baba yako."

Odeta alimvua nguo, akamwosha, akamvalisha nyingine. Akachukua nguo zenye uji akaenda kuzifua, akapanda nazo kwenye jiwe, akazitandaza. Feri ilikuwa katikati ya maji. Akapiga magoti pale pale juu ya jiwe la moto.

"Bwana," alisema kwa sauti, "wewe ulikuwa unapanda mlimani peke yako. Naomba siku moja tu. Siku moja nisiitwe. Halafu nitarudi, unajua nitarudi."

Alikaa kidogo, akajifuta uso kwa kanga, akashuka kuwasha mkaa.

*

Wiki ile haikuisha kabla habari hazijamfikia. Mama mmoja wa Magu, aliyekuwa akiuza mchele Mkuyuni, alimwita Odeta alipopita sokoni haraka kununua sabuni.

"Wewe dada, kaka yako anakusalimu. Anasema ameupata ujumbe wa Masalu. Jumamosi anakuja kumchukua mama."

"Ujumbe wa nani?"

"Wa Masalu. Mumeo. Kwani hamjaongea?"

Odeta alisimama na kipande cha sabuni mkononi. Jambo la kwanza alilolisikia kifuani, kabla ya hasira, lilikuwa wepesi. Kifua kilipata nafasi. Aliona kitanda kimetandikwa hakina mtu, aliona sufuria la mafuta likichemka bila kuitwa, akajiona anavuka maji. Ilichukua muda mfupi kama mtu anapopepesa macho. Halafu akaona mgongo wa mama yake jinsi ulivyokuwa siku ile alipomtoa kwa Shimba, na akajichukia, akarudi nyumbani karibu anakimbia.

Jioni alimfuata mumewe kwenye benchi.

"Umemwita Shimba aje kumchukua mama yangu?"

Masalu aliweka chini mnyororo aliokuwa akiutia grisi. "Nimempelekea habari."

"Kwa nini?"

"Ngoja Shimba aje."

"Nakuuliza wewe, Masalu. Amekula chakula chako? Amekuzuia kulala?"

"Odeta," alisema kwa upole, "ngoja kaka yako aje."

Siku zilizobaki Odeta alimwekea chakula bila kukaa naye. Asubuhi ilipofika na kikohozi kikasikika nje ya pazia, "Mwangaluka, mayu," alitamani kuchukua beseni la maji machafu akalimwage upande wa pili wa kitenge. Mama yake alijibu kama siku zote. Odeta alishangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa na adabu kwa anayemfukuza.

*

Shimba alifika Jumamosi katika pikapu ya mnunuzi binafsi wa pamba. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye kicheko, amevaa koti la mtumba lililombana kwapani. Alishusha gunia dogo la mchele mpya.

"Shikamoo kaka," Odeta alisema.

"Marahaba. Mmekonda huku mjini! Sisi siku hizi tuna wanunuzi wengi kuliko pamba yenyewe. Huyu amenipa lifti akidhani nitamuuzia." Alicheka, halafu akaacha alipouona uso wa dada yake. Akaingia kwa mama, akamsalimu, akatoka tena mlangoni. "Mbona hujamfungia nguo zake?"

"Sijamfungia kwa sababu haendi."

"Masalu ameniita nimchukue."

"Basi mchukue Masalu."

"Odeta, dereva ananisubiri."

"Na asubiri!" Odeta alipandisha sauti. Alijua Masalu yuko nyuma ya ukuta, kwenye benchi lake, ameupa mgongo upande wa dirisha. "Masalu! Mwambie kaka yangu ulichomwagiza. Mwambie mama amekushinda. Wewe ambaye hujawahi kumpa hata kikombe cha maji, leo amekushinda!"

Sauti ilitoka kitandani.

"Nyamaza, Odeta. Nilimtuma mimi."

Odeta aligeuka.

"Asubuhi moja ulikuwa umekwenda bombani," Kashindye alisema. Alisema kidogo, akapumua, akasema tena. "Tulipomaliza kusalimiana nikamwambia, baba, mpelekee Shimba habari aje anichukue. Mkeo usimwambie. Nilisikia kengele ya baiskeli yake, anaichezea kwa kidole. Kisha akasema, sawa, mayu. Angesema nini? Tangu lini mkwe akabishana na mama mkwe?"

"Lakini kwa nini, mayu?"

"Dirisha hili halina kioo, mwanangu." Alionyesha kwa macho upande wa jiwe. "Ulimwomba Mungu. Na mimi nilisikia. Nikaona Mungu ana kazi nyingi, nimsaidie."

Odeta alikaa chini, sakafuni, pale alipokuwa amesimama.

"Niliomba siku moja, mayu. Sikuomba uondoke."

"Siku moja utaitoa wapi, na mimi niko hapa? Mtu akilala huku anamlisha mwenzake, huyo siku moja haimtoshi. Nimelima na wewe, Odeta. Najua jembe lako linapokuwa zito unavyofanya. Huachi. Unalima mpaka unaanguka na mimea ya watu mkononi."

"Ukirudi kule utakufa."

Hilo halikuwa limesemwa na mtu yeyote tangu mwaka uliopita. Shimba aliivua kofia yake akaiangalia ndani, kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Mke wangu si mtu mbaya," alisema mwishowe. "Mikono tu ndiyo haimtoshi."

"Sijasema ni mbaya, kaka."

Injini ya pikapu ilikuwa ikinguruma barabarani. Halafu nyuma ya ukuta mtu akakohoa. Wote walikijua kikohozi kile.

"Mayu," alisema Masalu.

"Naam, baba."

"Nipe ruhusa niseme neno."

"Sema."

"Huku nje nina mikono miwili. Jioni inakaa bure."

Kashindye aliugeuza uso wake ukutani. Odeta alimwona shavu likitetemeka, lile zima. Alielewa kwa nini. Mama yake alikuwa amepoteza shamba, mguu, mkono wa kulia na nyumba yake. Alioshwa na binti yake, alivalishwa kama mtoto. Kitu kimoja kilikuwa kimebaki: kila asubuhi mwanaume mzima alisimama nje ya pazia, akakohoa, akasubiri kujibiwa. Kwa mtu mmoja duniani bado alikuwa mama mkwe, mwanamke asiyetazamwa hovyo.

"Mate yananitoka, Masalu," alisema akiuangalia ukuta. "Mdomo umekwenda upande. Unataka kuyaona hayo?"

"Mama aliyenizaa alikufa nikiwa mdogo," Masalu alisema. "Sikupata kumlisha uji."

Odeta alisali bila maneno. Baadaye mgonjwa akaurudisha uso wake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ya zamani, ya kuamrisha watu shambani.

"Shimba, wewe ndiye mkubwa wa ukoo hapa. Mwambie mkwe wangu kwamba kwetu mtu haingii kwa mama mkwe mikono mitupu. Baba yenu alipotaka kula mbele ya mama yangu alitoa jembe, mwiko ukaondoka, na mjomba wenu akishuhudia."

Shimba alielekea dirishani akapaza sauti rasmi, ingawa Masalu alikuwa hatua chache tu. "Masalu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Jembe jipya," alisema Kashindye. "Si la kuazima."

"Jembe jipya, si la kuazima," Shimba alirudia.

"Niulizie," Masalu alisema, "ni pamoja na mpini?"

"Bila mpini nitalishikia wapi?" Kashindye alifoka.

Kutoka nyumbani kwake Zakia alipasuka kicheko. "Jamani, mtaniua! Shemeji, kimbia sokoni kabla hajaomba na ng'ombe wa kukokota!"

*

Masalu alirudi na jembe amelifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, chuma kikiwa bado na karatasi ya dukani. Dereva wa pikapu alikuwa amechoka kungoja, akaja kusimama uani, naye akaambiwa avue kofia.

Masalu alikuja mpaka kwenye pazia. Akakohoa. Shimba akalifunua. Masalu aliingia akiwa ameinama, kichwa chini, kama mtu anayeingia kwenye zizi lenye mlango mfupi, akapiga magoti, akaliweka jembe kitandani bila kuinua macho.

Kashindye alilitafuta kwa mkono wake wa kushoto. Aligusa chuma, akakipiga kwa ukucha akasikiliza mlio wake.

"Zuri," alisema. "La udongo mzito."

Halafu aliupapasa mpini taratibu, kutoka chumani hadi mwisho wake, na akaufumba mkono pale ambapo mkulima hushika. Akafumba na macho. Odeta alijua mama yake yuko wapi. Alitamani kumfuata huko, tope likiwa limefika kwenye vifundo vya miguu, asubuhi, maji ya jaruba yakiwa na baridi.

"Haya, nitazame sasa," Kashindye alisema alipofumbua macho.

"Siwezi, mayu."

"Hata mimi sijui kama naweza kutazamwa. Tutazoea."

Mchana ule walipika mchele mpya wa Magu. Shimba alikula, akaahidi kuja kukaa na mama yake zamu yake pamba ikishauzwa, akaondoka na pikapu bila mgonjwa. Jembe lilibaki limeegemezwa kichwani pa kitanda, upande wa mkono wa kushoto.

*

"Alhamisi," Zakia alimwambia Odeta. "Alhamisi siendi sokoni. Kumwogesha na kumvalisha ni kazi yangu, kumlisha na kumwinua ni ya huyo mumeo mwenye haya. Wewe toka. Nikikuona hapa kabla ya jioni nakumwagia maji."

Odeta aliamka mapema akamwosha mama yake hata hivyo. Akaenda mjini kwa miguu, akiwa na rozari na kanga moja. Kwenye gati aliona haya, kama mtoro wa shule. Alikuwa amepanga kila kitu moyoni: atakaa upande wa nje, atayaangalia maji, atayaona mawe ya Mwanza yakirudi nyuma, atamshukuru Mungu kwa kila kimoja.

Alikaa. Feri ikaanza kutetemeka chini yake. Aliyaona maji yakifunguka pembeni, ya kijani, na baada ya hapo hakuona kitu.

"Mama. We mama." Mkata tiketi alikuwa akimgusa bega. "Tumefika Kamanga."

"Tayari?"

"Tayari? Tumefika, tukarudi Mwanza, tumefika tena. Nilikuonea huruma. Ulikuwa unakoroma, abiria wakakuhama benchi zima."

Odeta alicheka, akafunika mdomo kwa kanga, akashuka.

Hakujua la kufanya na miguu yake. Alipita vibanda vya samaki na wanawake walioanika dagaa, akafuata njia iliyokwenda nyuma ya kijiji, na baada ya kichaka akakuta majaruba. Mpunga ulikuwa umeiva. Wanawake wawili walikuwa wakivuna kwa visu vidogo, wameinama, wakiongea. Harufu ile ilimsimamisha, ya majani makavu na tope linalokauka chini yake.

Aliketi kwenye tuta. Akatoa rozari. Kila alipoinua macho alitazama mwisho wa tuta, pale linapokunja kona, kana kwamba mtu mwenye ndoo kichwani angetokea akiimba. Hakutokea mtu. Upepo ulipita juu ya mpunga, ukainama wote, ukainuka wote.

"Karibu, mama," mmoja wa wavunaji alimwita. "Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu," alijibu, na papo hapo akaona kwamba amesema uongo.

Siku hiyo rozari ilifika fungu la nne. Kabla ya kuondoka aliwaomba suke moja. Walicheka, wakampa matatu.

*

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika Mkuyuni. Aliingia uani taratibu. Baiskeli ya Masalu ilikuwa imeegemezwa ukutani, na benchi lilikuwa tupu. Pazia lilikuwa limefungwa upande mmoja kwa kamba.

"Juu," alisikia sauti ya mama yake. "Juu kidogo. Hapana, hapo ni sikio, baba."

"Samahani, mayu."

"Sikio halili. Shuka. Sasa njoo kwangu."

Odeta alichungulia. Masalu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, uso ameugeuzia ukutani kabisa, shingo imekakamaa, na mkono wake wenye kijiko ulikuwa umenyooka nyuma yake ukitafuta mdomo asiouona. Shavu la Kashindye lilikuwa na uji, na kitambaa cha kifuani, na chuma cha jembe pia. Kashindye aliunyosha mkono wake wa kushoto, akaushika mkono wa mkwe wake kwenye kiwiko, akauongoza mpaka mdomoni.

"Hapo," alisema. "Umeona? Tunajifunza."

Odeta alijizuia kucheka, akashindwa. Masalu alishtuka akasimama, akamwaga uji uliobaki, akatoka nje akiomba radhi kwa watu wote. Zakia alipiga kelele kutoka kwake kwamba alijua tu angeumwaga.

Odeta alikaa kwenye kile kigoda. Akamfuta mama yake shavu. Mgongo wake bado uliuma na kesho alfajiri beseni lingekuwa palepale. Lakini alipomfuta hakufanya haraka.

"Umeniletea nini kutoka ng'ambo?" Kashindye aliuliza.

Odeta alimwekea masuke kwenye kiganja. Kashindye aliyafikicha kwa kidole gumba, punje zikaanguka juu ya shuka. Aliinua moja akaitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, muda mrefu.

"Wanavuna kwa kisu au kwa mundu?"

"Kwa kisu, mayu."

"Vizuri. Na matuta? Yamekauka?"

"Juu yamekauka. Pembeni bado yanateleza."

"Ulitembea juu yake?"

"Nilitembea."

"Hukuanguka?"

"Sikuanguka."

Kashindye alifumba macho. Mkono wake ulirudi kwenye mpini wa jembe ukatulia. "Nieleze basi," alisema. "Tangulia wewe. Mimi nakufuata nyuma."

Odeta akaanza kumweleza njia, kutoka kwenye gati, kupita vibanda, kupita kichaka, mpaka mwanzo wa tuta.